Bastola Juu ya Kitambaa Cheupe

Sundbyberg, 8 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yanasemaje? Bado unapanda zile ngazi za ndege na ndoo ya usafi mkononi, au msimamizi wako amekuonea huruma akakuweka chini? Mimi ni mzima. Kliniki ipo, wagonjwa wapo, na Waswidi wanaendelea kumwogopa daktari wa meno kuliko wanavyomwogopa Mungu. Mimi kazi yangu ni kuwashika bega na kuwaambia bado kidogo, hata kama si kidogo.

Ulinifundisha kwamba jambo zito halisemwi kwenye simu. Basi ukiona bahasha yangu, ujue limekuja. Kaa kwanza.

Tangu mwaka jana nacheza mchezo wa shabaha. Wa bastola. Aliyenipeleka ni Josefin, yule mwenzangu wa kliniki aliyekula sombe, kisamvu chetu, kwako Pasaka mpaka akaomba kufungiwa nyingine. Ni klabu ya watu wa kawaida kabisa: wastaafu, dereva wa basi, mwalimu wa hesabu. Wanapiga karatasi zenye duara jeusi, chini ya ardhi, wamevaa vifuniko vya masikio, halafu wanakunywa kahawa na kulalamikia bei ya umeme.

Unajua mimi na milio. Kila mwaka mpya wakiwasha fataki najifungia bafuni na kufungua maji, na wewe unasimama nje ya mlango ukiniimbia tenzi. Baba, mwaka huu sikujifungia. Nilisimama dirishani nikatazama mpaka zikaisha. Ulishangaa ukaniuliza, nikakuambia nimekua. Sababu ni klabu. Kule chini mlio unatoka kwangu mimi, wakati ninaoutaka mimi. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo.

Sasa nimefika mahali pa kuchagua. Mpaka leo natumia bastola za klabu, lakini Isak, mzee anayetufundisha, anasema anayetaka kushindana kweli lazima awe na yake iliyozoea mkono wake, kwa leseni ya polisi. Mashindano yana makundi. Kundi C ni bastola ndogo, risasi zake nyembamba, hairuki mkononi, na wengi huanzia hapo. Kundi A ni za milimita tisa, aina ya zile wanazobeba askari. Hiyo inaruka, ina sauti, inataka mtu aliyetulia. Kuna na kundi la rivolva, lakini hilo ni la Isak na wazee wenzake.

Nikipiga kundi C napata alama za kawaida. Nikipiga A, Isak huja kusimama nyuma yangu akatazama bila kusema kitu, na huyo ni mtu wa kusema. Klabu inatafuta mwanamke wa tatu wa timu ya kundi A, na macho yao yako kwangu.

Sijawahi kufanya jambo kubwa bila baraka yako. Shule, nyumba hii, hata kumwacha mchumba wangu Arsène, nilikuja kwako kwanza. Nakuuliza na hili. Nichague ipi? Na je, siku moja utakuja kuniona nikipiga?

Binti yako,
Olive


Märsta, 19 Septemba 2024

Olive mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Nimeshukuru kusikia u mzima. Magoti yangu yapo vile yalivyokuwa.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kazini. Nikarudi nikaisoma tena, nikidhani macho yamenidanganya. Hayakunidanganya.

Mama yako Séraphine alipigwa risasi uani kwetu Uvira, na kitenge chake cha kulalia kiunoni, kwa sababu alikawia kutoa simu. Aliyempiga hakuwa na bunduki ndefu. Alikuwa na bastola, ameishika kwa mkono mmoja bila wasiwasi wowote. Wewe ulikuwa chini ya kitanda. Mimi nilikuwa kifudifudi sakafuni, buti ya mwenzake shingoni mwangu. Kisha nikakubeba mgongoni mpaka Burundi ili usikione tena kitu kile. Leo unaniandikia A na C kana kwamba unachagua viatu.

Umefikiri watu wa kanisa watasema nini? Watasema Ernest alimtoa mtoto vitani, mtoto akavifuata vita hadi Ulaya kwa leseni.

Hapana. Baraka ya jambo hili sina. Ukitaka kutulia, omba. Ukitaka mchezo, watu wa hapa wana michezo mingi, wanateleza hata kwenye barafu. Kwa sasa usinipigie simu, sitakuwa na maneno mazuri.

Kula vizuri, baridi inakuja.

Baba yako,
Ernest


Sundbyberg, 6 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Habari za siku hizi zote za ukimya? Nimepiga simu, najua umeiona. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia.

Unaniandikia habari za Mama kana kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwepo. Kutoka chini ya kitanda sikuiona bastola, niliona miguu. Nilisikia mlio mmoja, halafu nikaanza kungoja wa pili. Baba, nimeungoja huo wa pili miaka yote hii. Darasani, kwenye treni, kazini mtu akiangusha trei ya vyuma. Sikuwahi kuogopa chuma chenyewe. Niliogopa kutojua utalia lini. Kule klabuni najua, na ndiyo maana naenda.

Lakini wewe ndiye mzazi niliyebakiwa naye, na sitaki kukupoteza kwa ajili ya mchezo. Basi nimemwambia Isak nachagua kundi C, ile ndogo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Josefin amenuna. Timu watatafuta mwanamke mwingine. Maombi ya leseni nimeshayapeleka polisi, ya hiyo ndogo peke yake. Askari hawaibebi, na sauti yake ni kama ya mtu kupiga makofi. Nimeichagua kwa ajili yako, kwangu mimi ningechagua ile nyingine.

Itakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani. Sheria ya hapa katika hilo haina mchezo: mwenye leseni ndiye peke yake anayeruhusiwa kuigusa. Hata wewe hapana.

Baraka sikuombi tena. Naomba upokee simu.

Binti yako,
Olive


Märsta, 26 Januari 2025

Olive, mama, binti yangu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta salama, kama mimi nilivyo salama kwa neema. Nashukuru kwa Krismasi. Sombe ulipika vizuri, ingawa mawese uliyaonea huruma. Nashukuru pia kwamba tumerudi kuzungumza, hata kama ni habari za theluji tu.

Nilipokwenda kuweka koti chumbani kwako niliona lile kabati. Nilirudi mezani, kwa sababu ilikuwa sikukuu. Tangu siku hiyo usingizi umenikataa. Nikifumba macho naona mlango wake.

Nimezungumza na Mama Brigitha, kiongozi wa maombi kanisani kwetu. Unajua sisi gari jipya tunaliombea, nyumba mpya tunaiombea, hata pasipoti. Yeye ananiuliza inakuwaje silaha iingie nyumba ya mtoto wa Séraphine bila kuombewa. Tukija watu wachache tukaweka mikono juu yake tukaikabidhi kwa Bwana, nadhani nitalala. Hilo ndilo ombi langu.

Na jingine dogo: nimeletewa samaki wakavu kutoka Uvira. Jumamosi ya tarehe 15 Februari utakuwa nyumbani? Kama haupo si neno, ufunguo wa nyumba yako ninao, nitakuwekea mwenyewe.

Baba yako,
Ernest


Sundbyberg, 3 Februari 2025

Baba,

Salamu na upendo. Pole kwa usingizi. Mimi sijambo, mafua kidogo.

Kuiombea bastola, hapana. Nilishakueleza sheria. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, si Mama Brigitha wala mchungaji. Niombeeni mimi, mimi ndiye mwenye roho.

Jumamosi tarehe 15 nitakuwa Uppsala, kwenye mafunzo ya kliniki, kutwa nzima. Samaki waweke kwenye friji, tafadhali wafunge vizuri. Mara ya mwisho hata maziwa yalinuka Uvira.

Binti yako,
Olive


Märsta, 18 Februari 2025

Olive mwanangu,

Salamu. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali.

Nakupigia hupokei. Polisi wamekueleza kwa namna yao, mimi nakueleza kwa namna yangu, kama nilivyokuzoesha.

Tulikuja watu wanne: mimi, Mama Brigitha, mzee Zephania shemasi, na dada Emmanuella wa kwaya. Samaki nilikuwa nao kweli. Nilijiambia tutaombea nje ya kabati tu. Tukaomba, na Mama Brigitha akasema hasikii kitu, mlango wa chuma unazuia. Ufunguo wa kabati sikuambiwa na mtu ulipo. Mama yako alificha funguo zake zote kwenye kopo la unga, na wewe ni mtoto wake. Nilitia mkono, nikaupata.

Tulitandika kitambaa cheupe mezani. Niliitoa mimi, nimeishika kwa taulo, nikailaza juu ya kitambaa. Ni ndogo kweli. Nilishangaa udogo wake. Mama Brigitha akaipaka mafuta. Kisha wakaanza kukemea mauti, na unajua Mama Brigitha akikemea. Jirani yako wa juu alisikia watu wanapiga kelele, hakuelewa lugha, akadhani kuna anayeuawa.

Kengele ilipolia, Emmanuella alifungua akidhani ni wewe umerudi mapema. Polisi walitukuta tumesimama kuzunguka meza, mikono juu. Hawakuwa na haja ya kutuamuru tuiinue, tulikuwa tumeshaiinua mbele za Bwana. Mzee Zephania hata hakufumbua macho mpaka aliposhikwa bega.

Mimi nililala sakafuni kifudifudi. Hakuna aliyeniambia. Mwili wenyewe ulikumbuka. Askari mmoja, msichana wa rika lako, alikuwa akinisihi niinuke, na mimi sikuweza.

Wamechukua bastola. Wenzangu wameachiliwa, kesi ni yangu, mimi ndiye niliyefungua kabati. Kazini wamenizuia kuingia uwanja wa ndege mpaka kesi iishe, kwa sababu mtu wa kesi ya silaha hapewi kitambulisho cha pale.

Ulinikataza, nami nikaingia. Nilitaka kulala usingizi tu.

Baba yako,
Ernest


Sundbyberg, 2 Machi 2025

Baba,

Nakusalimu. Natumaini unakula.

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwako. Ningeweza kukusamehe samaki, mafuta, hata kelele. Lakini nilikukataza kwa maandishi, na wewe ukangoja siku ambayo sipo, ukaingia na watu. Hukuiogopa bastola siku ile. Ulinidharau mimi.

Na mimi nikuambie langu. Sikuwa Uppsala. Mwanamke wa tatu hawakumpata, Isak akaniomba, nikakubali. Siku ile nilikuwa kwenye mashindano ya kundi A, na bastola ya klabu ya milimita tisa. Ndogo yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani, ndani ya kabati, kwa sababu niliichagua kwa ajili yako na mkono wangu haujawahi kuipenda. Nilikuwa napiga vizuri, Baba. Kuliko siku zote. Mtu wa klabu akaja, akanena na Isak sikioni. Isak akanyoosha mkono, taratibu, kama unavyomfanyia mgonjwa.

"Nipe hiyo, Olive," alisema.

Akaniambia polisi wamenitafuta, kuna watu nyumbani kwangu na bastola yangu ipo mezani. Timu nzima ilisikia. Hakuna aliyenitukana, walinipa kahawa. Ningependa wangenitukana.

Sasa mimi na wewe tutahojiwa, kila mtu kivyake. Nikisema ukweli, kwamba nilikukataza na ukachukua ufunguo, wewe ni mtu aliyechukua silaha isiyo yake, na uwanja wa ndege hutaurudia tena. Kwa umri wako na magoti yako, nani atakuajiri? Nikisema nilikuonyesha ufunguo nikakuruhusu, kosa ni langu la kutunza silaha vibaya, na leseni yangu itafutwa. Nimekaa katikati hapo na sijui niamke vipi.

Usinijibu kabla sijahojiwa. Nisingependa waseme tulipanga.

Olive


Märsta, 4 Mei 2025

Olive, mwanangu wa pekee,

Salamu katika jina la Bwana aliyetufikisha hapa. Umepungua? Josefin nilikutana naye kwenye treni, akasema umepungua.

Nimengoja mpaka yaishe ndipo nikuandikie.

Nilipohojiwa kulikuwa na mkalimani, Mkenya, mpole. Nilisema yote kama yalivyokuwa: nilikatazwa, nikaingia, mtoto hana kosa. Mpelelezi akaandika. Kisha akanisomea maneno yako. Umesema ulinionyesha ufunguo mwenyewe wakati wa Krismasi, ukaniambia niangalie nitakapo. Akaniuliza ni nani kati yetu anayedanganya.

"Ni yeye," nilimwambia. "Mwulizeni tena."

Hakuniamini. Alisema kila baba angesema hivyo. Nilimwambia ninayo barua yako uliyonikataza ndani yake, nitaileta. Nikarudi nyumbani, nikaitoa, nikaishika. Olive, sikuipeleka. Ningeipeleka, wewe ungekuwa mtu aliyewadanganya polisi. Ndivyo nilivyojiambia. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Niliahirisha siku baada ya siku, mpaka kesi ikaisha na barua ya kunirudisha kazini ikafika.

Mimi nimepigwa faini tu, kitambulisho nimerudishiwa. Leseni yako wameifuta. Nakula mkate wa uongo wako, na kila nikipanda ngazi za ndege nalikumbuka hilo.

Mama Brigitha alitaka kutoa ushuhuda kanisani, kwamba Bwana ameondoa silaha nyumbani kwako. Nilisimama katikati ya ibada nikamwambia akae. Hajanisemesha tangu hapo, na mimi sijamtafuta.

Sasa nikuambie nilichoshindwa kukuambia mwanzoni. Si chuma ninachokiogopa mimi pia. Naogopa siku nitakapokuona umesimama, mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa, nikaiona sura ya yule mtu mahali pa sura yako. Nikiiona mara moja sitaweza kuitoa. Ndiyo maana sikuja kukuona ukipiga.

Nisamehe, mama. Nimekuondolea kitu kilichokuponya, na mimi sina kingine cha kukupa mahali pake. Jumamosi yoyote utakayosema, nije?

Baba yako,
Ernest


Sundbyberg, 8 Juni 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia umerudi kazini, na pole kwa ngazi. Mimi nakula, mwambie Josefin aache umbea.

Barua yangu ile ungeipeleka ningekasirika, na kwa kuwa hukuipeleka nimekasirika pia. Basi tuliache. Nilichowaambia polisi ningekisema tena kesho. Wewe ulinibeba mpaka Burundi. Lakini usifikiri kwamba kwa kuwa nilikutetea, hasira imeisha. Vyote viwili vimo ndani yangu na vinaishi pamoja, wakati mwingine siku nzima bila kugombana.

Klabu haikunifukuza. Nimebaki na kundi moja lisilohitaji leseni, la bastola ya upepo, linalopigwa ndani ya ukumbi. Wanafunzi wa shule ndio wamejaa humo. Nasimama kati yao, mtu mzima peke yangu, na wananishinda. Jumamosi hii tarehe 14 tuna mashindano madogo. Kama unataka kuona sura yangu ninapolenga, njoo uione mwenyewe, halafu utaniambia ni ya nani. Usipoweza, nitaelewa.

Muda wa kuomba leseni tena ukifika, nitaomba. Nitaomba ya milimita tisa, kundi A. Safari hii sikuulizi, Baba. Nakuarifu tu, ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Na jambo la mwisho. Nimebadilisha kitasa cha mlango. Ule ufunguo ulio nao haufungui tena. Najua kwetu mzazi habishi hodi kwa mtoto wake, na nilikaa na fundi hapa mlangoni karibu nimwambie aache. Sikumwambia. Ukija, kengele iko upande wa kulia. Bonyeza, ungoje kidogo. Nitakuja kukufungulia.

Binti yako,
Olive